Somo: Bakteria wa kimeta anavyojifungia ndani ya spora

Kwanza tuondoe utata: spora, yaani umbo gumu lililolala ambamo bakteria hujihifadhi hali ikiwa mbaya, si njia ya kuzaana. Bakteria mmoja hutoa spora moja, kisha yeye hufa. Nimechagua kimeta, ugonjwa hatari wa mifugo na watu, kwa sababu wafugaji wanakijua, ingawa hatua hizi zimechunguzwa zaidi kwa ndugu yake asiye na madhara, Bacillus subtilis, anayezimaliza kwa takriban saa 8.

Hatua ya 1. Chakula kinapokwisha, bakteria hujigawa, lakini si katikati kama kawaida. Ukuta hujengwa karibu na ncha moja, kikapatikana chumba kikubwa na kidogo, kila kimoja na nakala yake ya vinasaba.

Hatua ya 2. Kikubwa humeza kidogo. Tangu hapo tukiite mama, maana kazi yake yote ni kumlea aliye tumboni.

Hatua ya 3. Hapa someni polepole. Mama humvika mtoto gome nene, na juu yake matabaka ya protini. Ndani, maji hupungua na nafasi yake kujazwa na kalsiamu iliyoshikana na asidi ya dipikoliniki. Protini ndogondogo hung'ang'ania vinasaba na kuvikinga. Ukavu huo ndio hasa unaoifanya spora istahimili joto.

Hatua ya 4. Mama hupasuka, spora hutoka. Haili, haikui, lakini hudumu udongoni miaka mingi. Kisiwa cha Gruinard huko Uskoti, Waingereza walikojaribia mabomu ya kimeta mwaka 1942, hakikutangazwa salama hadi 1990, na hapo udongo ulikuwa umemwagiwa dawa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nyama ya mzoga ikichemshwa sana si inafaa?*
Hapana, ndugu yangu. Spora huweza kuvumilia maji yanayochemka. Maabara hutumia mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 kwa dakika 15. Tena hatari huanza kwenye kuchuna, kabla ya sufuria.

*Mbona bwana mifugo alitukataza hata kumpasua ng'ombe?*
Alifanya vyema. Ndani ya mzoga uliofungika oksijeni ni haba, spora haziundwi, na uozo huwaua bakteria kwa siku chache. Ukipasua, damu hukutana na hewa na spora huanza kuundwa palepale malishoni.

*Spora imelala, itajuaje kwamba hali imekuwa nzuri?*
Ina vipokezi vinavyonasa virutubisho kama alanini. Vikinasa, kalsiamu hutoka, maji huingia, na baada ya dakika chache ule ukinzani wa joto hupotea. Kwa kimeta, mara nyingi hilo hutokea ndani ya mwili wa mnyama aliyeimeza pamoja na udongo, akitafuna nyasi fupi za kiangazi.