Somo: Kuchagua chaku ya bei nafuu kwa anayeanza kukereza mbao

Wiki hii wanachama wa kikundi chetu wameniuliza swali lilelile mara tatu: "Fundi, nimepata mashine ndogo ya kukereza (ile inayozungusha mbao ukiichonga), sasa ninunue chaku gani isiyonimaliza mfukoni?" Nitajibu hapa mara moja. Chaku ni kile kichwa cha chuma chenye taya nne kinachofungwa kwenye shafti ya mashine ili kishike mbao. Ukizungusha ufunguo mmoja, taya zote nne husogea pamoja na kazi hukaa katikati yenyewe. Mafundi wengine huita chaki, kwa hiyo ukiagiza mtu akuletee, mfafanulie vizuri asikuletee ya ubaoni.

Yangu ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Niliagiza iliyoandikwa M33, yaani ya shafti ya milimita 33, na mashine yangu ina shafti ya inchi 1, kama milimita 25. Ilipofika ilining'inia pale kama pete ya baba kwenye kidole cha mtoto. Muuzaji alikataa kuirudisha, nayo ikakaa miezi minane dirishani ikizuia risiti zisipeperuke.

Hatua ya 1: Pima shafti kabla ya kuuliza bei

Hapa ndipo pesa za wengi hupotelea, kwa hiyo tukae kidogo. Sugua nyuzi za shafti (ile mistari ya kuzungushia kama ya skrubu) kwa brashi ya waya mpaka gundi na utomvu vitoke. Pima unene wa nje kwa vernia, kile kipimo chenye taya mbili za kuteleza. Kisha laza rula juu ya nyuzi uhesabu vilele vilivyomo ndani ya inchi moja.

Mashine nyingi ndogo zina shafti ya inchi 1 yenye nyuzi 8 kwa inchi. Zile ndogo kabisa huwa na inchi ¾, nyuzi 16. Zilizotengenezewa soko la Ulaya mara nyingi ni M33, yaani milimita 33, na kutoka uzi hadi uzi ni milimita 3.5. Mashine kubwa nyingi ni inchi 1¼, nyuzi 8. Mtego uko hapa: inchi 1¼ ni milimita 31.75. Ukipima kwa rula na haraka zako utasema "hii ni kama 33" na utanunua ya mwenzako.

Kama huna vernia, nenda duka la bolti ununue nati moja ya kawaida ya inchi 1. Hiyo ina nyuzi 8 kwa inchi. Ikizunguka kwa vidole hadi mwisho bila kulazimishwa, umeshajua saizi yako, na nati haitakutoa jasho kwa bei. Kwa inchi 1¼ ujanja huu haufai, kwa sababu nati za kawaida za saizi hiyo zina nyuzi 7.

Hatua ya 2: Mwili mmoja, taya seti moja

Kwa mashine ndogo, chaku yenye mwili wa milimita 75 hadi 100 inatosha. Kubwa zaidi ni mzigo: mota inahangaika na beringi zinaumia. Chukua iliyo na taya za milimita 50. Wauzaji hupenda kukuonyesha sanduku lenye seti tano za taya zikimetameta. Linapendeza, lakini mwaka wangu wa kwanza nilikereza bakuli, vikombe na mipini kwa seti moja tu, nyingine hata mafuta ya kiwandani sikuzifuta.

Kuna chaku zenye nyuzi zilizochongwa moja kwa moja mwilini, na kuna zinazopokea adapta ya kubadilisha. Ya kwanza kwa kawaida ni ya bei nafuu zaidi. Lakini kama unajua mashine uliyo nayo ni ya kuanzia tu, lipa hiyo tofauti upate ya adapta. Ukihamia mashine kubwa utanunua adapta peke yake.

Kuhusu majina: Nova kutoka New Zealand, Vicmarc ya Australia, Oneway ya Kanada na Record Power ya Uingereza ni kazi nzuri, na miaka ikipita bado utapata taya na skrubu zake. Ila mpaka ifike Nairobi umeongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16. Mimi sioni aibu kumwambia anayeanza achukue ya Kichina isiyo na jina, mradi aikague.

Na usishawishiwe na chaku ya taya tatu ya fundi wa chuma eti kwa sababu iko ya mtumba na bei ni ya kutupa. Taya zake hushika mbao kwa mistari mitatu myembamba, zinaponda nyuzi za mti, na zinachomoza nje. Kifundo cha kidole kikigusana nazo zikizunguka, utakumbuka maneno yangu.

Hatua ya 3: Ikague mkononi

Zungusha ufunguo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kukiwa na mahali panapokwama, kisha panalegea, iache. Taya na sehemu zinazobebea taya huwa na namba 1 hadi 4. Hakikisha zimefuatana, kwa maana zikichanganywa haziwezi kukutana katikati. Zifunge kabisa utazame kwa mbele: pengo kati ya taya liwe sawa pande zote nne.

Ukifika nyumbani, mgongo wa chaku lazima ukalie bega la shafti (ule ukingo bapa nyuzi zinapoishia) bila mwanya. Ukiona mwanga katikati, chaku itayumba hata kama imetengenezwa na malaika.

Hatua ya 4: Jifunze kukata ulimi

Ulimi ni kile kipande kifupi cha duara unachoacha chini ya kazi ili taya zikishike, na bega lake ni sehemu bapa inayouzunguka. Chaku ya bei ya chini yenye ulimi uliokatwa vizuri hushinda chaku ya bei ghali yenye ulimi wa ovyo. Hili nimelilipia. Nilikuwa nakereza bakuli la mjakaranda, limebaki nyembamba na linapendeza, nikaingiza bobari (patasi iliyopinda kama mfereji) kwa ndani, likaruka. Lilipiga mabati juu ya kichwa changu na jirani akaja kuuliza nani anarusha mawe. Nilipookota kipande niliona kosa: ulimi ulikuwa mrefu kuliko kina cha taya, kwa hiyo ncha yake iligota chini na bega halikukalia taya kabisa. Bakuli lilikuwa limeshikwa shingo tu.

Kwa hiyo, kwa taya za milimita 50, kata ulimi wa kipenyo cha milimita 50 hadi 55. Hapo taya ziko karibu kufunga, zinafanya duara kamili na kushika kote. Ukiukata mnene sana, kila taya itashika kwa pembe zake na kuacha alama nane. Urefu wa milimita 6 hadi 8 unatosha bakuli dogo. Bega liwe bapa. Kama taya zako zimeinama kwa ndani, ulimi nao uiname hivyohivyo. Kaza, subiri dakika mbili, kaza tena, hasa mti ukiwa mbichi au mwororo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Rongai:* Mwalimu, sina pesa ya chaku kwa sasa. Nisubiri?

Usisubiri, ndugu yangu. Tumia sahani ya chuma yenye matundu. Mara nyingi huja na mashine, na kama haikuja, fundi wa leithi, yaani mashine ya kukereza chuma, atakuchongea. Gundisha kipande cha mbao kavu chini ya bakuli lako, kisha funga hicho kipande kwenye sahani kwa skrubu za mbao. Usitumie zile nyeusi za kufungia jipsamu, hukatika bila kukuonya. Nilikereza hivyo muda mrefu.

*Mwanachama wa Kayole:* Mashine yangu ni ya jua kali, nyuzi zake hazilingani na chochote ulichotaja.

Basi usiagize chaku kwanza. Fungua shafti uipeleke kwa fundi wa chuma, umwombe aikate upya iwe inchi 1 nyuzi 8 kama unene unaruhusu, au akuchongee adapta. Mwambie bega lisimame wima na shafti, na ukae hapo umwone akipima. Akikisia kwa jicho, chukua shafti yako uondoke.

*Mwanachama wa Umoja:* Dada yenu hapa. Naweza kuchimba shimo chini ya bakuli taya zitanuke kwa ndani badala ya kuacha ulimi?

Unaweza, dada, na sahani bapa hutoka vizuri hivyo kwa sababu huhitaji kuondoa ulimi baadaye. Ila acha mbao ya kutosha kuzunguka shimo, na usikaze kwa hasira. Taya zinazotanuka hufanya kazi ya kabari, na kabari ndiyo tunayopasulia kuni.

*Mwanachama wa Kasarani:* Spidi je?

Zidisha kipenyo cha kazi kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 8 basi ni kama 750 hadi 1,100. Kipande ambacho bado hakijawa duara, anza chini ya hapo. Vaa kinga ya uso, si miwani tu. Na stima ikipotea, zima swichi kabla ya kwenda kuulizia kwa jirani, maana mashine nyingi ndogo huamka zenyewe stima ikirudi.

*Mwanachama wa Rongai tena:* Nimeazima chaku ya rafiki, sasa imekwama kwenye shafti, haitoki.

Funga kipande cha mti mgumu kwenye taya, zuia shafti isizunguke, kisha gonga huo mti kwa nyundo ya mbao kuelekea upande wa kufungua. Usigonge taya zenyewe. Ikishatoka, kata washa (pete bapa) nyembamba kutoka kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi, itoboe katikati ipite shafti, uiweke kati ya chaku na bega. Yangu ni ya buluu, na tangu niiweke chaku hufunguka kwa mkono.