Kamashini ka GPD Pocket kanakataa Linux: vile nilikatengeneza hapa Goma

Bandugu, GPD Pocket ni kale kakompyuta ka inchi 7 kalitoka 2017, kanaingia hata mfuko wa koti. Mi nilikapata mkono wa pili, Windows yake inatembea kama tshukudu (trotineti yetu ya mbao ya mizigo) inasukumwa mlimani, njo nikasema acha niweke Ubuntu, distro (aina) moja ya mfumo Linux. Siku tatu nikafikiri kameharibika, kumbe mi njo nilikuwa sijui vile kametengenezwa.

Kabla ya yote

Jaza betri yote. Umeme wetu munaujua, ukikatika betri iko asilimia 8 na masini inaandika diski, unaanza upya. Na ukishashusha ile ISO (faili moja lenye Ubuntu yote), pitisha `sha256sum` (inakupa namba ya kuhakiki faili) halafu linganisha na namba distro yenyewe imetoa, yote, si herufi nne za mwanzo. Yangu ya kwanza ilifika nusu na mega zikawa zimeisha, nikalaumu flashi bure.

1. Kuwasha na flashi

Chomeka flashi kwa USB ile kubwa, washa huku umebonyeza Fn na F7, menyu inakuja. Flashi haionekani? Mara nyingi ni juu uliburuta faili tu ukaziweka ndani. Andika ISO nzima kwa Rufus ao `dd`, lakini na `dd` angalia mara mbili jina la diski, haiulizi kama una hakika.

2. Skrini inalala ubavu

Hapa njo watu wengi wanaachia. Hiyo skrini ni ya tableti, upana 1200 na urefu 1920, imewekwa kwa kulala, kwa hiyo Linux ya zamani inachora vile inaikuta. Kerneli (moyo wa Linux) mpya zinaijua hiyo masini na zinageuza zenyewe, basi kama unaweza chukua distro ya karibuni na utaruka nusu ya hatua hii.

Kama bado imelala, ukifika kwa GRUB, kianzishi cha Linux (nayo italala tu, inamisha shingo uvumilie) bonyeza `e`, tafuta mstari unaanza na `linux`, mwisho wake ongeza `fbcon=rotate:1`, halafu Ctrl+X. Hiyo inanyoosha maandishi ya mwanzo. Ukiingia ndani, kama uko kwa Xorg (programu moja ya kuchora skrini), andika `xrandr` peke yake kwanza uone jina la skrini, kwangu ni DSI-1, kisha:

`xrandr --output DSI-1 --rotate right`

Sasa unagusa juu, mshale unaenda pembeni. Usishangae, mguso unageuzwa kivyake:

`xinput set-prop "Goodix Capacitive TouchScreen" "Coordinate Transformation Matrix" 0 1 0 -1 0 1 0 0 1`

Ile ya `fbcon` ukitaka ikae, iweke ndani ya `/etc/default/grub` halafu `sudo update-grub`.

3. WiFi haipo

`sudo dmesg | grep brcmfmac`. Chipu ni Broadcom 4356, na ukiona inalalamika kuhusu faili la `.txt`, ni fimuweya (programu ya chipu yenyewe) inakosa, antena haina neno. Utaishusha na nini sasa kama hauna intaneti? Chomeka telefone ya Android kwa waya, washa kushiriki intaneti kwa USB, Linux inaiona kama waya wa mtandao. Sasisha `linux-firmware`, zima uwashe. Funga masasisho mengine kwa muda, la sivyo mega zote zinaenda.

4. Inawaka tu flashi ikiwa ndani

Hii ilinipata vibaya. Kila kitu kinatembea, nikarudishia ndugu mmoja wa Birere flashi yake, kesho asubuhi masini: giza. Kumbe kisakinishi kiliweka kianzishi kwa flashi, si ndani ya masini. Nikarudi kuomba flashi, na aibu.

Washa tena kwa flashi, chagua kujaribu bila kusakinisha, piga `lsblk`. Diski ya ndani ni `mmcblk0`. Kwangu `p1` ni ya EFI (sehemu ndogo ya kianzishi), `p2` ni mfumo, kwako angalia mwenyewe:

`sudo mount /dev/mmcblk0p2 /mnt`
`sudo mount /dev/mmcblk0p1 /mnt/boot/efi`
`for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done`
`sudo chroot /mnt`
`grub-install && update-grub`

Mbele ya kutoka, fungua `/etc/fstab`. Mstari wa `/boot/efi` unaweza kuwa bado na UUID (namba ya kutambulisha) ya flashi, weka ile `blkid` inakupa ya `mmcblk0p1`. Mi nililisahau hilo, masini ikawa inawaka halafu inakwama ikingojea flashi haipo.

Herufi zikiwa ndogo kama mchanga, panda mpaka asilimia 200 kwa mipangilio ya skrini. Na flashi ya mwenyewe usiirudishe mpaka umezima, umeichomoa, na masini imewaka yenyewe mara mbili.