Mshonee mtoto vazi la sato kwa shuka la mtumba

Msimu wa mahafali ya chekechea ukifika, mafundi wa Mwanza tunapata oda zinazofanana. Mwalimu ana darasa zima, watoto wana ngonjera ya kutunza ziwa, huyu awe samaki, yule ndege, yule mvuvi, na shughuli yenyewe ni Jumamosi hii. Mkononi ana picha ya kwenye simu: vazi la dukani lenye zipu mgongoni, mikono ya kubana na kichwa cha sponji. Halifai. Mtoto wa miaka mitano atalivaa kidogo, atalalamika joto, halafu atataka kwenda chooni na hakuna wa kumfungua zipu.

Ninachoshona mimi ni kizibao kirefu cha kutumbukiza kichwani, kinachovaliwa juu ya fulana na kaptula au juu ya sare ya shule. Hakina zipu wala mikono. Mapezi, mkia, magamba, hata mabawa, vyote vinashikizwa kwenye kizibao hichohicho. Ukishajua kukata kimoja, umejua kushona wanyama wote wa ziwa. Hapa nitaeleza sato kwa kirefu, maana ndiye anayeombwa zaidi, kisha furukombe, yule tai mla samaki, kwa kifupi. Vipimo ni vya mtoto wa miaka mitano hivi.

Kitambaa kwanza

Usinunue satini. Inang'aa vizuri kwenye picha, lakini inateleza chini ya sindano, inachambuka nyuzi kila unapokata, na kwa jua letu mtoto anachemka ndani yake. Tafuta shuka la pamba la mtumba. Nenda soko la Mlango Mmoja asubuhi, wakati belo zinafunguliwa, utafute la kijivu, la kijani iliyofifia au la kaki. Shuka la kitanda cha futi nne likiwa zima linatoa watoto wanne na masalia ya mapezi. Likiwa na tundu katikati, usiliache. Tundu utalikwepa wakati wa kukata, na bei itashuka.

Namna ya kuijua pamba: chomoa uzi mmoja pembeni, uuwashe kwa kiberiti ukiwa nje. Uzi wa pamba unaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Jaribio hilo si la kujionyesha. Kwenye sherehe za watoto kuna mishumaa ya keki na fataki, na kitambaa kinachoyeyuka kinaganda kwenye ngozi. Pamba nayo inashika moto, kwa hiyo bado mtoto asisogezwe karibu. Inashangaza kidogo: Kwimba, Misungwi na Magu wanalima pamba, lakini ukiingia maduka ya vitambaa mjini, majora mengi utakayoshika ni poliesta.

Vingine vya kuwa navyo: fulana moja kuukuu ya mtu mzima, masalia ya kitambaa cheusi, salfeti tupu ya unga au sukari iliyooshwa, uzi, chaki, pini, futikamba na mkasi mkali. Cherehani ya kukanyaga inatosha kabisa. Kama huna, shona kwa mkono kwa kurudisha sindano nyuma kila hatua. Utachelewa lakini mshono utashika.

Kukata kizibao

Fua shuka na ulipige pasi kabla ya kukata. Kata kipande cha upana wa sentimita 50 na urefu wa 130. Kikunje katikati ya urefu, upate tabaka mbili za sentimita 65. Mkunjo huo ndio mabega, kwa hiyo hakuna mshono wa bega. Kikunje tena kwa upana, kushoto juu ya kulia, uweke alama ya chaki kwenye kona ya mikunjo. Hapo ndipo katikati ya shingo.

Shingo ndiyo inayowashinda wengi, basi tutulie hapa. Watu wanapima shingo ya mtoto, wanakata tundu la kuitosha, halafu kichwa hakipiti. Kwa vazi lisilo na kifungo unapima kichwa, siyo shingo. Zungusha futikamba juu ya nyusi na kisogo. Watoto wengi wa umri huu wanakuwa kwenye sentimita 50 au 51. Tundu likiisha kushonwa lizidi kipimo hicho kwa sentimita 4 hadi 6. Kama binti amesuka, pima juu ya nywele zilizosukwa.

Kutoka kwenye ile alama, pima sentimita 9 kwenda kila upande wa bega, 10 kushuka mbele na 4 kushuka nyuma. Kunjua kitambaa, chora mviringo unaopita kwenye alama hizo zote, halafu kata. Tundu litaonekana dogo. Usiliongeze! Ukishona kwa ndani ya ukingo sentimita 1 na kugeuza, duara lote linapanuka, na kutoka sentimita 51 hivi litafika karibu 57.

Sasa kata mraba wa sentimita 34 kutoka kwenye masalia, utoboe tundu la umbo lilelile katikati. Huu ni utando wa ndani wa shingo. Ulaze juu ya kizibao, sura kwa sura, yaani pande za nje zitazamane, matundu yakutane. Piga pini, shona kuzunguka tundu kwa sentimita 1. Kabla ya kugeuza, chukua ncha ya mkasi ukate vijimwanya vidogo kuzunguka duara, kila baada ya sentimita mbili, ukikaribia mshono bila kuugusa. Bila vijimwanya hivyo shingo itajikunja kama sambusa. Geuza utando uende ndani, piga pasi, ushikize ukingo wake kwa mishono michache kwenye mabega. Mvalishe mtoto hapohapo, kabla hujaendelea na chochote.

Pindo la chini likunje mara mbili, ukitumia sentimita 2. Mbavuni pinda kingo kwa sentimita 1, lakini usiunganishe mbele na nyuma bado. Mapezi na magamba yanashonwa kirahisi kitambaa kikiwa bapa.

Sato awe sato

Mtoto wa Dar akivaa samaki wa katuni, watu watapiga makofi. Huku kwetu mtoto atapanda jukwaani mbele ya wazazi wanaofanya kazi soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Wataangalia mkia kwanza.

Mkia wa sato haukupasuka katikati. Mwisho wake umenyooka, na una mistari myembamba ya giza inayokatiza mkia mzima. Hiyo mistari ndiyo kitambulisho chake. Sangara naye mkia wake hauna panda, ni wa mviringo. Mwenye mkia wa panda ni dagaa. Kwa hiyo kabla hujakata, amua mtoto ni samaki gani.

Kata vipande viwili vya mkia: juu upana wa sentimita 24, chini 36, urefu 28. Chukua kimoja, ushone juu yake vipande vyembamba vya kitambaa cheusi, vitano au sita. Hapa kuna mtego. Samaki akiogelea, mistari ya mkia ni ya wima. Mtoto akisimama, kichwa cha samaki kiko juu na mkia chini, kwa hiyo mistari hiyo inageuka kuwa ya mlalo. Ukiishona kutoka juu kwenda chini kwa mtoto, umeshona mkia wa samaki mwingine asiyejulikana. Unganisha vipande viwili sura kwa sura, acha upande wa juu wazi, geuza, kisha shona ukingo wa juu wa mkia mgongoni mwa kizibao, juu ya pindo la nyuma. Usizidi magoti kwenda chini sana, mtoto atajikanyaga.

Pezi la mgongo la sato ni moja, refu, lenye miiba. La sangara limegawanyika: la mbele lenye miiba, la nyuma laini. Kwa sato, chora kwenye boksi umbo lenye urefu wa sentimita 40 na kimo cha 10, ukingo wa juu uwe na meno madogo. Kata vipande viwili vya kitambaa kwa umbo hilo, ukiongeza sentimita 1 kuzunguka, na chini uongeze 3. Shona ukingo wa meno tu, geuza. Kata salfeti kwa umbo la boksi lenyewe, uisukume ndani. Salfeti ndiyo itakayosimamisha pezi. Gundi ya vitambaa inasimamisha pia, ila ni pesa ya ziada, na salfeti ipo nyumbani. Chini piga mshono mmoja wa kuizuia isitoke, maana kingo zake zinakwaruza. Kuanzia hapo pezi halipigwi pasi tena, salfeti itajikunyata.

Zile sentimita zilizobaki chini ya pezi ni miguu yake. Fungua moja iende kushoto, nyingine kulia, pinda kingo zake, ulilaze pezi katikati ya mgongo wa kizibao kuanzia sentimita 6 chini ya shingo. Shona mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Ukishona mguu mmoja tu, pezi litalala upande kutwa nzima.

Magamba ni hiari. Mimi naweka safu tatu au nne kifuani, siyo mwili mzima; uzito unaongezeka na jioni ya kushona inaisha. Kata nusu duara kwa kuchora kikombe cha chai kwenye fulana kuukuu. Fulana haichambuki nyuzi, kwa hiyo hakuna kupinda. Anza na safu ya chini, upande wa mkia, kisha panda, kila safu ikifunika juu ya iliyotangulia. Shona ukingo ulionyooka tu, magamba yabaki yakipepea. Kitambaa cha fulana ukikivuta wakati wa kushona kitajikunja mawimbi. Kiache kipite chenyewe.

Baada ya hapo unganisha mbavu: kuanzia sentimita 20 chini ya bega, shona sentimita 20, basi. Chini yake pabaki wazi ili mtoto akimbie na avute vazi juu akienda chooni.

Kichwani

Barakoa sizipendi. Mtoto haoni pembeni, anatoka jasho puani, na mstari wa kwanza wa ngonjera ukisemwa ndani ya barakoa hausikiki safu ya pili. Tumia kofia. Kata sehemu ya chini ya ile fulana, upana wa sentimita 48 na kimo cha 25, pindo lake la kiwandani libaki kama lilivyo, ndilo litakaa kwenye paji la uso. Shona mgongoni liwe bomba, kusanya juu kwa uzi, kaza, funga. Macho mawili ya kitambaa cheupe na cheusi yashonwe pembeni, siyo mbele. Kwa watoto walio chini ya miaka mitatu usiweke vifungo wala shanga, wanavitia mdomoni. Chora kwa kalamu ya wino usiofutika.

Furukombe

Kizibao ni kilekile, rangi ya kahawia, na kifua cheupe cha kitambaa kilichoshonwa juu kuanzia shingoni. Kofia nyeupe tupu. Mtoto anyooshe mikono, upime mgongoni kutoka kifundo cha mkono mmoja hadi kingine. Kata nusu duara la kitambaa cheusi lenye upana huo, ukingo ulionyooka ndio unaopita juu ya mabega. Kwenye ukingo wa mviringo kata vipande virefu vya manyoya, sentimita 12 kwenda juu. Kila mwisho shona kitanzi cha mpira laini cha kupitisha kiganja. Mabawa yashikizwe kwenye mabega ya kizibao kwa velkro mbili.

Kamba ya kufunga shingoni usiweke, hata mwalimu akiitaka. Watoto wanavutana mabawa, na velkro inaachia.

Ukipewa darasa zima

Usikate mtoto mmoja mmoja. Tengeneza kielelezo cha boksi cha shingo, pezi na mkia, na saizi mbili tu za kizibao: hiyo ya sentimita 50 kwa 130, na ndogo ya 44 kwa 110 kwa wale wa baby class. Tundu la shingo liache lilelile kwa saizi zote mbili, maana vichwa vyao havipishani sana kama miili inavyopishana. Kata vizibao vyote siku moja, shona shingo zote, ndipo uingie kwenye mapezi. Muda ukikubana, acha magamba. Mkia wenye mistari na pezi la mgongo vinatosha kumtambulisha sato hata kwa aliyekaa nyuma kabisa ya turubai.

Jina la kila mtoto andika ndani ya utando wa shingo kabla hujakabidhi mzigo. Na chukua malipo ya kitambaa mapema, mama, siyo siku ya mahafali wakati kila mtu anakimbilia kupiga picha.