Jinsi ya kunasa jeraha lililojificha ndani ya kaboni faiba kwa kuitetemesha

Kaboni faiba, yaani nyuzi za kaboni zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na gundi ngumu iitwayo resini, ina tabia moja mbaya, ikigongwa haisemi. Bati ukiligonga linabonyea unaliona, ila hii, spana ikiiangukia juu, unakuta kijialama tu au hakuna kitu kabisa, kumbe ndani tabaka zishaachana na uharibifu unazidi kutanuka kadri unavoelekea upande wa nyuma.

Sasa ujanja wenyewe ni huu: ukikitetemesha kipande kwa masafa ya juu, zile kuta za mpasuko zinasuguana kama viganja wakati wa baridi, joto linazaliwa palepale kwenye jeraha alafu linapanda hadi juu na kamera ya joto inaliona. Sehemu nzima haipati joto la maana, ndo uzuri wake. Sio kitu kipya, watafiti kina Henneke na Reifsnider wa chuo cha Virginia Tech, Marekani, walishaanza nayo mwishoni mwa miaka ya 1970.

Wengi tunatumia mashine ya ultrasoniki (mtetemo wa kasi kuliko sauti inayosikika) ya kuchomelea plastiki, ya 20 kHz yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, wati 1000 hadi 2000. Kamera ya kupozwa inaona tofauti ya kama nyuzijoto 0.02, zile zisizopozwa kama 0.05, na kwa jeraha lisilo la kina sana hizo za kawaida zinatosha. Muhimu iwe inarekodi data ya joto fremu kwa fremu, ukiwa na picha ya rangi tu huendi popote.

Kabla ya yote ua mng'ao. Mi nishawahi kuzungushia chaki "jeraha" kubwa safi kabisa, nikainama kuangalia na jeraha nalo likainama, kumbe ni paji langu la uso linaakisiwa kwenye vanishi. Paka rangi nyeusi isiyong'aa ya kuosha na maji, weka pazia, na simama pembeni.

Kushika kipande ndo panapoharibika kazi za watu wengi kuliko kamera. Klampu ya chuma ikigusa kaboni moja kwa moja inasugua na kutoa joto lake, kwahiyo weka mpira katikati na ishike mbali na eneo unalokagua. Kati ya ncha ya mashine na kipande weka tabaka mbili tatu za tepu, ikandamize kwa springi au kwa hewa, usishike kwa mkono, mkono unachoka na kila pigo linakuwa tofauti na lililopita. Na vaa kinga za masikio jamani, 20 kHz yenyewe husikii ila kipande kikianza kurukaruka kwenye ncha kinapiga ukelele mbaya sana.

Anza na nguvu ndogo. Rekodi sekunde moja kabla ya kuwasha, tetemesha kwa nusu sekunde hadi moja, zima, endelea kurekodi sekunde 10 au zaidi, alafu kwenye kompyuta toa fremu ya kabla ya kuwasha kutoka kwa zote zilizofuata. Usizime mapema kwa sababu joto linatambaa polepole kwenye resini na muda unaenda kwa mraba wa kina, jeraha lililo kina cha milimita 1 litajitokeza baada ya sekunde moja au mbili hivi, la kina cha milimita 2 lisubiri mara nne yake. Ukisikia harufu ya resini kuungua, acha, hapo unatengeneza jeraha jipya.

Kwenye kusoma, usikimbilie doa lenye rangi kali zaidi, angalia muda. Jeraha la ndani linachelewa, linakuja na kingo zenye ukungu, linatanuka alafu linafifia. Doa linalowaka papo hapo na kingo kali liko juu kabisa, mara nyingi ni tepu iliyoachia au mkwaruzo. Mara nyingi utaona pete au mwezi mchanga badala ya doa zima, kwa sababu katikati tabaka zimeachana sana hazigusani tena na pembeni ndo bado zinasuguana, kwahiyo usipime upana wa ile pete ukasema jeraha ni hilo tu, chukua kuanzia ukingo wa nje.

Ukiona doa hamisha klampu na ncha, tetemesha tena. La kweli litabaki palepale, la uongo litahama. Na usipoona kitu hamisha pia, maana mtetemo una sehemu zilizotulia kabisa na jeraha likiangukia hapo halisuguani hata kidogo. Tetemesha kutoka sehemu tatu, na kama upande wa nyuma unafikika piga picha na huko, mara nyingi jeraha ni kubwa zaidi huko.

Kama hujawahi kufanya, jitengenezee bamba la mazoezi. Chukua la kaboni faiba lenye unene wa milimita 4, liangushie uzito wa kilo 2 wenye ncha ya duara ya milimita 16 kutoka mita 1, hiyo ni karibu juli 20, na uudake ukidunda usigonge mara ya pili. Weka pembeni bamba jingine lisiloguswa, na kila siku kabla ya kazi anza na hayo mawili, lililogongwa lisipowaka au lile zima likiwaka basi rudi kwenye tepu na klampu kwanza.