Maiti moja, umbea mwingi: vile mi husoma noveli za upelelezi za vijiji

Kabla ulipe, angalia kama mwisho iko. Mi niliuziwa moja pale town kwa njia, mia na hamsini, kava safi, paka amelalia mpira wa uzi, nikaanza kuisoma kwa matatu kwa jam ya Thika Road na kwa hiyo wiki nikapitishwa steji mara mbili juu ya kuinama kwa kitabu. Nikafika ukurasa wa 246. Washukiwa wote wameitwa sebuleni, yule mama wa duka la uzi amesimama karibu na meko, ameanza kuongea, nafungua ukurasa, nakutana na kava ya nyuma. Mtu alichana. Mpaka leo sijui nani alimuua mwenyekiti wa maonyesho ya maua na imebaki kunikera.

Sasa siku hizi nafanya hivi: nafungua kutoka nyuma, nafunika maandishi na kiganja, naangalia namba za chini peke yake, karatasi kumi za mwisho, kama hazijaruka. Halafu nampea mwenye anauza namwambia boss, niangalilie tu kama hapo mwisho kuna nukta, usinisomee. Wa kwanza alinicheka, sasa ananijua, nikifika tu anasema hii iko na nukta. Kama hutaki hiyo stress yote kuna Maktaba Kuu ya Taifa kule Upper Hill, ama usome kwa simu, ingawa kwa simu utapata kishawishi cha kuruka mwisho, na hiyo usifanye.

Kama hujawahi soma hizi vitabu, ziko hivi: kijiji ama mji mdogo wenye kila mtu anajua kila mtu, mtu anauawa lakini huonyeshwi damu nyingi, mambo ya chumbani hayaandikwi, na mwenye anachunguza si polisi. Ni mwalimu amestaafu, ni mama anauza keki, ni mzee wa maktaba. Miss Marple, yule mama mzee wa kijijini wa mwandishi Mwingereza Agatha Christie, ndio nyanya yao wote, noveli yake ya kwanza ilitoka 1930, na kazi yake huyo mama ni kufuma sweta na kuchunga bustani, hapo kwa bustani ndio anaonea nani amepita na nani. Jessica Fletcher wa kile kipindi cha TV, Murder, She Wrote, alikuwa mwalimu wa Kiingereza akastaafu akaanza kuandika vitabu, anakaa kamji kadogo kanaitwa Cabot Cove kule Maine, Marekani, na hiyo kipindi ilienda kutoka 1984 hadi 1996, sasa hebu fikiria hiyo kamji ilizika watu wangapi. Hapo usiulize maswali. Ukianza kuuliza mbona mji wa watu elfu tatu una mauaji kila wiki, hizi vitabu si zako, enda soma kitu ingine.

Shida ya kwanza utapata ni majina. Chapta ya kwanza inakumwagia watu kumi na wawili, kanali, kasisi, mke wa kasisi, dada wawili hawajaolewa, daktari, kijana msanii ametoka London, na kufika ukurasa wa thelathini umeshachanganya dada na dada. Mi hutumia risiti ya supamaketi. Naikunja mara mbili inakuwa ya kuweka alama, na kwa ile upande iko wazi naandika jina la mtu na kitu moja yake tu, kama "Kanali, kila mtu anamchukia" ama "Dokta, ana haraka". Usiandike stori mzima. Tumia kalamu, maandishi ya mashine yanafifia yenyewe lakini ya kalamu yanabaki. Na yule kila mtu anamchukia, mpige mstari, ni marehemu mtarajiwa huyo. Ndio mbinu yao, wanaua mtu mwenye hana rafiki ndio wewe usilie na ndio washukiwa wawe wengi.

Halafu hao watu wahamishe kwa akili yako wakae kwa plot yenu, hapo mnapangisha. Si mzaha. Miss Marple mwenyewe anatatua hivyo hivyo, akiona mshukiwa anasema huyu ananikumbusha fulani wa kijijini kwetu, na kwa sababu huyo fulani alikuwa mdanganyifu wa aina fulani, anajua huyu naye atadanganya wapi. Wewe pia unao hao. Mama wa posta kwa hizo vitabu, mwenye anajua barua ya nani imetoka wapi, ni mama mboga wako, ile siku umenunua nyanya moja badala ya tano yeye ameshajua mambo si mazuri. Mwenye anashinda dirishani ni yule wa ground floor mwenye anachungulia kila tukifungua geti. Keateka ana funguo za nyumba zote na hakuna mtu humwangalia usoni. Nikianza kusoma hivyo nikaona majina hayanipotei tena, na nikaanza kushuku watu kwa njia nzuri zaidi, maana najua kwetu nani husema "mi sitaki maneno" kabla ya kuleta maneno.

Saa sasa. Hapa ndio wasomaji wengi wa huku hupigwa chenga na mi nilipigwa kwa miaka. Kwetu jua linazama karibu na saa kumi na mbili na nusu, iwe Januari iwe Julai, tumezoea, kwa hivyo ukisoma shahidi anasema aliona mtu akikata maua bustanini saa mbili na nusu usiku unaruka kwa kiti, huyu ni mwongo, giza yote hiyo ameona nini. Kumbe ni Juni, na Uingereza mwezi wa Juni kuna mwanga hadi baada ya saa tatu usiku. Shahidi wa watu hakuwa na makosa. Disemba inageuka, saa kumi jioni giza imeanza kuingia, sasa mwenye atasema alitambua koti ya mtu kwa mbali saa kumi na moja, huyo ndio wa kushuku. Kwa hivyo kitu ya kwanza ukianza kitabu tafuta ni mwezi gani. Na ukiwa kwa kitabu ya Wamarekani, kumbuka wakisema first floor wanamaanisha chini kabisa, kwenye sisi na Waingereza tunaita ground. Kuna mtu nilimwachilia kwa akili yangu kwa sababu nilidhani hangeweza kuruka dirisha kutoka juu, na dirisha lenyewe lilikuwa hapo kwa majani.

Na uandike saa kwa risiti, nani alikuwa wapi na ameambiwa na nani. Kwa hiyo noveli ya kwanza ya Miss Marple, ya 1930, kanali anauawa kwa ofisi ya kasisi, na saa ya hapo ofisini huwekwa mbele dakika 15 makusudi ndio kasisi asichelewe, si ni kama ile ya sebuleni kwa mamangu, wageni wote wakiangalia wanashtuka. Hiyo sijakuharibia, kitabu yenyewe inakuambia. Utamu ni kwamba kasisi anajaribu kumwambia Inspekta na Inspekta hana time ya kusikiza. Shika hapo. Polisi wa hizi stori wanakosa kwa sababu kuna mtu wanamwona hana maana, msichana wa jikoni, mzee wa bustani, mama wa umbea, kwa hivyo kila mara mtu anakatwa maneno akiongea, rudi usome alikuwa anataka kusema nini.

Ndio maana usiruke chai. Najua, peji nne za keki na sconi na nani amealikwa na nani hakualikwa, unataka kufika kwa maiti. Lakini mwandishi anaficha pale unachoka. Kuna padri Mkatoliki wa Uingereza, Ronald Knox, 1929 aliandika amri kumi za hizi stori, na ya kwanza ni kwamba muuaji lazima awe ametajwa mapema, na ingine inasema usitumie sumu yenye bado haijagunduliwa. Kwa hivyo jambazi hatoki nje ya geti dakika ya mwisho, alikuwa kwa meza anakunywa chai na wengine, na wewe uliruka. Sumu nayo usidharau, Christie alifanya kazi kwa famasia ya hospitali wakati wa vita ya kwanza ya dunia, anajua anaandika nini.

Ukifika pale wanaitwa sebuleni, funga kitabu. Hii ndio ngumu kuliko zote. Lala nayo usiku mmoja, asubuhi soma risiti yako ukichemsha chai, zungushia jina moja, moja tu, halafu ndio umalize. Mi hupata labda moja kwa tano, na sioni aibu.

Ukitaka ya Kiswahili tafuta zile za mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, ya kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, Unguja, bwana na kiko chake, si polisi, na rafiki yake Najum nyuma. Kiswahili chake kitakutoa jasho kama umezoea chetu cha Nairobi, mi nilisoma na kamusi kando na kuna chapta nilirudia mara tatu. Inasomwa kwa sauti, polepole.

Na ukimaliza kitabu ukampea mtu, toa risiti. Nilimpea mama Brayo wa mlango wa pili moja nikasahau risiti ndani, jina limezungushiwa na nyota kando. Akaiona ukurasa wa kumi. Wiki mbili hatukusalimiana, nikipita kwa ngazi anaangalia ukuta, halafu Jumapili jioni akagonga mlango anacheka hadi anashikilia fremu, kumbe nilikuwa nimezungushia daktari, na daktari hakufanya kitu.