Jinsi ya kufuatilia homoni za chura dume kwa masikio yako

Wanafunzi wa biolojia hapa Bukavu huuliza watawezaje kuchunguza homoni bila maabara. Kuzipima huwezi, ila kazi yake utaisikia.

1. Chagua msimu. Julai utapoteza usingizi bure. Subiri Septemba, mvua zikirudi: ubongo huamsha tezi ya pituitari, nayo huamsha korodani, testosteroni, homoni ya kiume, ikapanda. Tafuta bonde lenye matete upande wa Kabare, umwombe ruhusa mwenye shamba, uvae buti.

2. Chagua dume mmoja. Funika tochi kwa nailoni nyekundu. Ukiona kifuko cha koo kimevimba kama puto, hesabu analia mara ngapi kwa dakika. Andika na joto la hewa. Wengi huliruka hili, kumbe baridi peke yake humpunguzia chura kasi ya kulia, homoni zikiwa zilezile. (Vyura wa majini wenye kucha waache, wao hulia chini ya maji, simu haiwanasi.)

3. Mtazame aliyenyamaza. Usikimbilie kuandika “testosteroni imepungua”. Dume aliyehasiwa huacha kulia, ni kweli, na testosteroni ndiyo inayoandaa misuli ya koo na njia za sauti ubongoni. Lakini kumrudishia hiyo pekee mara nyingi hakutoshi. Vasotosini, homoni ya ubongoni, ndiyo inayomsukuma alie sasa hivi: chura wa miti wa Marekani wakidungwa vasotosini, kulia huongezeka. Kwa hiyo dume anaweza kuwa na testosteroni tele na bado akakaa kimya.

4. Mchezee sauti. Rekodi kundi la aina yake, uweke simu hatua chache kutoka alipo, sauti ya wastani. Akijibu, andika baada ya muda gani. Kelele za wenzake nazo zina kazi: kwa chura wa miti wa kijani wa Marekani, kusikia kundi usiku baada ya usiku hupandisha homoni za kiume.

5. Rudi usiku unaofuata. Kulia kunakula nguvu nyingi, na kortikosteroni, homoni ya msongo, hupanda. Ikizidi, dume hunyamaza. Mwingine hujibanza karibu na anayelia, akimvizia jike njiani.

Usimshike kabla hujamaliza kuhesabu. Ukimkamata tu, kortikosteroni hupanda, na hesabu ya usiku huo haifai tena.