Mdondo Husafiri kwa Tenga Kuliko kwa Upepo

Kiangazi kikikolea, wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji huulaumu upepo. Kuku anaanza kukoroma, anahema mdomo wazi, anaharisha kijani, shingo inapinda, na baada ya siku chache banda limebaki na manyoya tu. Huo ni mdondo, wengine huuita kideri. Kirusi chake hutoka kwa pumzi, makamasi na kinyesi cha mgonjwa, kwa hiyo kuku waliobanana kwenye banda lisilopitisha hewa huambukizana upesi. Ila kutoka kijiji hadi kijiji, mbebaji mkubwa ni sisi na vyombo vyetu.

Chungulia tenga la mchuuzi aliyetoka mnadani: katikati ya fito kuna kinyesi kilichoganda cha kuku wa kila mahali. Kirusi kikiwa peupe, jua kali hukimaliza mapema. Kikijificha ndani ya kinyesi chenye unyevu, kivulini, huweza kudumu wiki kadhaa. Ndiyo maana kumwaga dawa ya kuua vimelea juu ya uchafu ni kutupa hela. Sugua kwanza kwa brashi, maji na sabuni. Sabuni yenyewe huvunja utando wa mafuta unaokifunika kirusi hiki. Kisha weka dawa, halafu anika juani kutwa. Trei za mayai za karatasi hazioshiki, usizipokee kutoka kwa watu.

Kuku mgeni, hata wa zawadi kutoka kwa shemeji, akae peke yake wiki tatu, maana dalili huweza kuchelewa hadi wiki mbili. Mhudumie mwisho, baada ya wale wa zamani. Mkichinja, maji ya kunyonyolea, manyoya na utumbo viingie shimoni. Na ugonjwa ukishaingia, tafadhali usikimbilie kuuza waliobaki: hapo unampelekea mwenzako msiba kwa bei ya punguzo.

Dawa ya kutibu mdondo haipo, na antibayotiki haziui virusi. Kinga ni chanjo. Ile ya I-2, iliyobuniwa Australia na kwa Tanzania hutengenezwa Kibaha, inastahimili joto kuliko nyingine nyingi. Hata hivyo kichupa kizungushie kitambaa kibichi, kikae kivulini. Tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wasio wagonjwa tu. Kinga huchukua kama wiki mbili kukomaa, kwa hiyo kumwita mchanjaji wakati kuku wanaanguka ni kuchelewa. Katika mizunguko hiyo ya kila miezi mitatu, hakikisha mmoja unaangukia kabla ya kiangazi na mwingine kabla ya pilikapilika za Krismasi, na mchanje siku moja na majirani, kwani kuku wenu wanachakura jalala lilelile.

Banda lililokumbwa litolewe maranda yote yachomwe, lioshwe, lipuliziwe dawa, kisha likae tupu wiki nne kabla ya kuingiza vifaranga.